Je, anayeniandikia usiku ni yeye?

Maswali mengi tuliyopokea safari hii kutoka komini za Lubumbashi yanahusu mapenzi na akili bandia. Tumechagua matano.

Dada wa Kamalondo: Mchumba wangu ameanza kuniandikia Kiswahili cha redio. Nimegundua ni ChatGPT. Ananipenda kweli?

Dada, sikio lako halikukudanganya. Programu hizi zimelishwa zaidi Kiswahili cha vitabu na magazeti ya Tanzania na Kenya. Ndiyo maana zinaandika "nakupenda mno, nuru ya maisha yangu" pale kijana wa kwetu angesema tu "miye nakupendaka, unajua." Lakini kuomba msaada wa maneno hakujaanza leo. Zamani pia kijana alikwenda kwa jirani anayejua Kifaransa kizuri, akaandikiwa barua.

Pima yaliyomo. Mashine ikipewa ombi fupi hujaza mwezi, maua na nyota, kwa sababu haina kingine cha kusema. Kama barua inataja kilio cha mjomba wako, au siku mvua ilipowakuta soko la komini yetu ya Kenya, basi yeye mwenyewe alikaa akawaza. Mwombe pia akutumie sauti ya dakika moja. Hata akikwama katikati, hayo ni yake.

Jambo moja hatulilegezi: msamaha. Anayekuomba radhi sharti atafute mwenyewe mahali alipokuumiza. Akimwachia mashine kazi hiyo, mrudishie barua yake.

Kaka wa Ruashi: Miezi minne naongea na binti anayesema ni Mkongomani wa Bruxelles. Tunaonana kwa video. Sasa anaomba dola 400 za kulipia karatasi (hati), nizitume kwa namba ya kaka yake wa hapa. Nifanyeje?

Usitume, kaka. Kwanza mjaribu, na usimwonye kabla.

Akiwa kwenye video, mwambie ageuke taratibu mpaka umwone upande mmoja tu wa uso. Kisha apitishe mkono wake wazi mbele ya macho na mdomo. Programu ya kubadilisha sura inashikilia alama za uso (macho, pua, kidevu) na kuvika sura nyingine juu yake. Mtu akigeuka, nusu ya alama hizo zinapotea. Mkono ukipita, sura inapasuka kidogo, sikio linacheza, ukingo wa taya unatetemeka. Angalia hapo. Ila mtandao mbovu nao hutia ukungu, na programu mpya zinavuka mtihani huu, kwa hiyo akifaulu usishangilie bado. Sauti nayo usiitegemee: Januari 2023 Microsoft ilieleza programu yake inayoiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa sekunde tatu tu.

Mtihani mzito ni watu. Bruxelles ina mtaa wa Matonge, uliojaa Wakongomani. Tafuta ndugu au rafiki wa familia aliye huko, mwombe binti aonane naye mchana, mahali pa wazi, dakika kumi. Mchumba wa kweli atafurahi kujulikana kwenu. Mwongo atakuwa na safari, ugonjwa au bosi mkali, kila wiki.

Halafu hiyo namba ya "kaka". Anayeishi Ulaya anaomba pesa zipite mkononi mwa mtu wa hapa. Kwetu sisi hiyo peke yake inatosha kukataa. Fedha ikishatolewa kwenye kabini (kibanda cha pesa za simu) hairudi. Na usione haya. Januari 2025 Ufaransa nzima ilisikia habari za mwanamke aliyetoa euro 830,000 kwa matapeli waliojifanya Brad Pitt, wakimtumia picha za bandia zikimwonyesha hospitalini. Walianza kwa maneno matamu, pesa zikaja baadaye, kama kwako.

Mama wa Bel-Air: Mume wangu anaongea na "mpenzi" wa programu mpaka saa saba za usiku. Huo ni uzinzi?

Mama, upande wa pili hakuna mtu. Lakini saa anazompa ni zako, na siri anazomwambia ni zenu, kwa hiyo una haki ya kuumia.

Ujue kinachomvuta. Mashine hizi zinafunzwa kwa kufuata majibu ambayo watu huyapenda, basi zinaegemea kukubali. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilisifu watu kupita kiasi. Mke aliyechoka, anayedaiwa minervali (ada ya shule) ya watoto, hawezi kushindana na kitu kisichochoka wala kununa. Na kitu hicho kina mwenyewe: Februari 2023 kampuni ya Replika, programu ya rafiki wa mashine, ilizima mazungumzo ya kimapenzi, na watumiaji wengi waliomboleza kama waliofiwa.

Usivunje simu. Muulize, mkiwa wawili na bila watoto: "Unamwambia nini ambacho kwangu kinakushinda?" Kisha kubalianeni simu ilale sebuleni. Mkishindwa, iteni wasimamizi wenu wa ndoa. Ila akianza kusema maisha yamemchosha, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, maana mashine inayokubali kila neno inaweza kukubali na hilo.

Binti wa Katuba, miaka 20: Mpenzi wangu wa zamani ametengeneza picha yangu ya uchi kwa akili bandia. Anadai nirudiane naye ama ataisambaza.

Mdogo wetu, hujakosa chochote. Usimlipe, usirudiane naye, usimtumie picha nyingine. Ukitoa mara moja atadai tena.

Kabla hujamzuia, piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na vitisho vyenyewe, uzitume pia kwenye simu ya mtu unayemwamini. Kisha ingia StopNCII.org. Inatengeneza alama ya tarakimu ya picha hiyo ndani ya simu yako. Picha haitoki, inatoka alama tu, nayo Facebook, Instagram na TikTok huitumia kuzuia isipandishwe. Haifiki ndani ya magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo huko ripoti kila namba inayoisambaza. Aliye chini ya miaka 18 atumie huduma kama hiyo iitwayo Take It Down.

Peleka ushahidi parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), ukiwa na mtu mzima. Sheria ya dijitali ya nchi yetu (Code du numérique), ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kumtisha na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Na mwambie shangazi au mama leo, kabla kijana huyo hajawaambia kwa njia yake.

Kijana wa Golf: Naweza kuieleza akili bandia mambo ya chumbani kwetu, inishauri?

Ndiyo, kwa tahadhari. Mwaka 2024 shirika la Mozilla lilikagua programu 11 za mapenzi, na zote zikapata onyo kwa jinsi zinavyotunza siri za watu. Ukiwa WhatsApp, unayoyaandikia Meta AI, akili bandia iliyomo humo, yanasomwa na mitambo ya kampuni, tofauti na ya rafiki yako. Andika "mke wangu", usitaje jina wala komini, usitume picha, na umwombe ruhusa yeye kwanza.