Anza na Penina Muhando

Ndugu, umeuliza kama kuna mwanamke aliyeandika tamthilia za Kiswahili kuhusu hali ya wanawake, na kama jukwaa limewahi kubadili chochote.

Wapo, na wa kwanza kumsoma ni Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania anayejulikana pia kama Penina Mlama. Tafuta Nguzo Mama (1982). Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, lakini kila mmoja ana yake yanayomvuta nyumbani, na nguzo haisimami. Ninachokithamini zaidi ni kwamba mwandishi hakuwapamba wanawake wenzake. Wanagombana, wanategeana, huku mfumo dume ukiwabana. Huo ni ujasiri.

Kuhusu mabadiliko, fuatilia Tuseme, mradi ulioanza mwaka 1996 chini ya Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana wa sekondari wanachambua wenyewe matatizo yao, wanatunga igizo, kisha wanaigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, na mjadala unafuata palepale. Hebu fikiria binti aliyezoea kunyamaza akisema hadharani yanayomkwamisha masomoni! Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, liliupeleka mradi huo nchi nyingine za bara hilo.