Kwanza la mbao

Mmeuliza wiki hii: je, mji mkuu wa leo una haja ya tao la ushindi, yaani lango kubwa la kuadhimisha ushindi vitani? Jibu langu: lijengwe, ila kwanza la mbao.

Sifanyi mzaha. Tao la Paris, ambalo wengi wameliiga, liliagizwa na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwaka 1806 baada ya kushinda vita vya Austerlitz. Mwaka 1810, alipomwoa Marie-Louise, kuta zilikuwa chini bado. Mafundi wakasimamisha tao la mbao na turubai, kubwa kama lile lililokusudiwa, ili bibi harusi aingie mjini kwa fahari. La mawe, lenye urefu wa karibu mita 50, lilikamilika 1836, na mwenye kuliagiza alikuwa amekwisha kufa uhamishoni. Alilipita mwaka 1840, ndani ya jeneza.

Waromania nao walianza na la mbao, mjini Bucharest, mwaka 1878 walipopata uhuru. La mwaka 1922 lilipakwa plasta ya urembo, ikabanduka. Hili la mawe lililopo leo ni la 1936. Lilipofika, watu walikuwa wameshazoea kuliona tao pale.

Haraka ya kumwaga zege ndiyo inayonitia shaka. Ushindi huchakaa, na tao halina bawabu. Juni 1940 askari wa Ujerumani walipiga gwaride pale pale Paris, na yale mawe hayakuwa na la kusema.

Halafu tazameni nani anaandikwa. Ndani ya tao la Paris yamechongwa majina mia sita na zaidi, mengi ya majemadari, na waliofia vitani wamepigiwa mstari chini ya majina yao. Kuruta hana hata herufi moja. Ilibidi vije vita vya 1914 hadi 1918, ndipo akaletwa askari mmoja asiyejulikana jina, akazikwa chini ya tao Januari 1921. Kwangu mimi, hapo ndipo lilipogeuka kuwa la taifa. Hadi leo magwaride hayapiti katikati, yanalizunguka kwa sababu yake. Na kila siku, saa kumi na mbili na nusu jioni, mwenge wa kaburi lile huchochewa upya, mvua inyeshe isinyeshe, tangu 1923.

Hata hivyo hesabu haijatimia. Agosti 1970 wanawake wachache walikwenda pale na shada la maua na bango lililosema kwamba yuko asiyejulikana zaidi kuliko askari asiyejulikana: mke wake. Polisi waliwazuia kabla hawajalifikia kaburi.

Kwa hiyo mkijenga la mbao, acheni kuta tupu kwanza, tuone ni nani watakaokuja na maua.