Nyumba ya Houston umeipangisha? Usiiguse hiyo Fomu 5695

Mkuu, simama hapo hapo! Uko Tabata, nyumba yako ya Houston ina mpangaji tangu 2024, mwaka jana umefunga humo hitipampu, ile mashine inayopoza na kupasha, na madirisha mapya, unataka sola juu ya paa la Tabata, halafu unauliza punguzo la kodi la Marekani, lile la vifaa vya kubana nishati nyumbani, udai kiasi gani kwenye Fomu 5695? Sifuri. Afadhali usiijaze kabisa.

Nina uchungu kwa sababu kosa hilo nilishalilipia. Nilirudi Dar Machi 2023, nikaacha mpangaji mule ndani. Juni AC ikafa, na joto la Houston unalijua, la Dar likasome. Nikafunga hitipampu, dola 9,000. Muuzaji akanihubiria: "Serikali inakupunguzia asilimia 30, mwisho dola 2,000." Hapo hakudanganya. Alichokalia kimya ni kwamba punguzo lile ni la anayeishi kwenye nyumba. Mwenye nyumba asiyekaa humo hapati hata senti, hata kama hati ina jina lake kwa wino wa dhahabu.

Muuzaji nimemsamehe, alikuwa anatafuta kamisheni. Nisiyemsamehe ni yule mjaza kodi, Mtanzania mwenzetu, aliyenitoza dola 350 kwa simu ya dakika kumi na moja. Swali lake lilikuwa moja: "Nyumba ni yako?" Ni yangu. "Basi kula." Mtu huyo huyo alijaza ukurasa wa mapato ya pango, yaani kaandika kwa mkono wake kwamba kuna mpangaji, kisha akafungua ukurasa mwingine akadai naishi humo! Nilipombana akasingizia mfumo. Siku hizi napata tiki mbili za bluu tu.

IRS, yaani TRA ya kule, wakaandika barua. Ikaenda Houston. Mpangaji akadhani ni tangazo, akaiweka juu ya friji miezi saba. Riba haikukaa juu ya friji. Nikarudisha 2,000, na riba, na faini juu. Hela ile nilishaipigia hesabu ya ukuta wa kiwanja Kigamboni. Mpaka leo kimezungushiwa minyaa, na mama watoto kila akipita anasema hitipampu yangu imechipua.

Hulali humo, hudai. Usiniletee "lakini niliishi miaka sita" wala "lakini mkopo wa benki nalipa mimi". Unalala humo? Hulali. Basi. Na paa la Tabata unalolala chini yake haliko Marekani, kwa hiyo sola nayo sahau.

Gharama yako ipeleke kwenye hesabu za pango, kama uchakavu, yaani unaigawa kidogo kidogo kwa miaka 27 na nusu. Kwa 9,000 zangu ni kama dola 327 kwa mwaka. Ndiyo, nitamaliza nikiwa na mkongojo. Wala usijipe moyo kwamba utarudi kuishi kule ufunge kingine: kilichofungwa baada ya 31 Desemba 2025 hakina punguzo tena, hata ulale humo mchana na usiku.

Kama ulishatuma, sahihisha mwenyewe kwa Fomu 1040-X kabla hawajakuandikia. Na ile ya kubadili anwani, 8822, ijaze leo hii. Mpangaji wako naye ana friji.