Mzee Apewe Kazi na Mjukuu wa Kuifanya Naye

"Babu, wewe pumzika, kazi tuachie sisi." Kauli hii naisikia nyumba nyingi hapa Mwanza. Inasemwa kwa upendo, lakini mzee anayeshinda kitini miguu humwishia nguvu, na siku akienda msalani peke yake anaanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 3 au zaidi afanye ya nguvu na ya kumsaidia asiyumbe. Kuinuka kitini bila kujishikilia, kusimama mguu mmoja huku ameshika ukuta, kwenda gengeni na kurudi: anzia hapo. Kwa anayeishi milimani, kama Mabatini, asishuke kwenye mawe peke yake.

Ila mazoezi matupu mzee huyachoka. Kinachomwamsha ni kujua kuna mtu anamhitaji. Babu yetu wa Igombe alipoacha uvuvi alinyamaza kabisa, hata redio hakutaka. Tukampelekea nyavu zilizochanika, pamoja na wajukuu waliokuwa likizo. Ananasa wavu kwenye kidole gumba cha mguu, anauvuta ukaze, anapitisha sindano, anapima jicho la wavu kwa vidole viwili, anakaza fundo. "Haya, na wewe." Fundo likilegea analikata, mtoto anaanza upya. Mikono ikiwa kazini ndipo mdomo unafunguka: usiku wa giza dagaa wanapoifuata taa, dhoruba, mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama.

Kwa bibi inaweza kuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Amwonyeshe mjukuu unene wa kukata viazi na namna ya kuvianika. Lakini iwe kazi ya kweli, ya kuliwa au kuuzwa. Wazee wanajua wanapozugwa.

Huku Kanda ya Ziwa jambo hili ni zito zaidi. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa macho mekundu, wakati macho hayo yameharibiwa na miaka ya moshi wa jikoni. Kijana aliyezoea kupuliza moto na bibi yake hadanganyiki kirahisi.

Na kama mzee anakataa kazi aliyoipenda, mpeleke kwanza apimwe macho. Huenda haoni tundu la sindano, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.