Kulala Arabuko: majibu ya maswali yenu kuhusu kupiga kambi msituni

Majuma mawili yaliyopita niligusia hapa kwamba niliwachukua wajukuu tukalala usiku mmoja ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Maswali yamekuja mengi, kutoka Malindi na hata Lamu, na mengi ni ya maana. Nimeyafupisha kidogo, nayajibu moja baada ya jingine.

Mwalimu, shikamoo. Wenzetu wa Nairobi wana vilima na misitu karibu na mji, wikendi wanabeba hema. Sisi tuna bahari tu. Twende wapi? (Kijana wa Maweni, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Bahari unaijua kwa sababu ndiyo unayoitazama kila siku. Hebu geuka nyuma. Pale Gede, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, unaanza msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki nzima. Watu wanapanda ndege kutoka Uingereza kuja kuutazama. Sisi tunaupita dirishani mwa matatu tukienda Mombasa, na wengi wetu tumezeeka hatujaukanyaga. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nitaendelea kuliandika.

Panda matatu ushuke Gede, kisha tuktuk ikufikishe kituo cha msitu kilicho kando ya barabara kuu. Hapo utawakuta watu wa shirika la misitu, KFS, na wa shirika la wanyamapori, KWS, maana wanausimamia pamoja na Makumbusho ya Taifa na watafiti wa misitu wa KEFRI. Watakuonyesha mahali panaporuhusiwa kupiga kambi. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mwananchi ana bei yake, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Mlima hakuna, ni kweli. Lakini ukiwa na gari, omba upelekwe Nyari, ukingo ulioinuka upande wa ndani. Ukisimama pale alfajiri unauona msitu wote umelala chini yako, halafu hori la Mida linang'aa, halafu bahari. Na njiani utakuwa umepita misitu mitatu katika mmoja. Kwanza ule mchanganyiko wenye mibambakofi, mti uliotoa milango ya Lamu na mbao za majahazi. Kisha miti ya mirihi iliyoachana-achana juu ya mchanga mweupe, jua likipenya mpaka chini. Mwisho udongo unageuka mwekundu na vichaka vinasongamana hata mtu hapenyi.

Ukitaka mlima hasa, nenda Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Beba blanketi nzito, baridi ya kule si ya kujifunika kanga.

Nina watoto watatu. Nasikia humo mna ndovu. Ni salama kweli? (Mama wa Muyeye)

Ndovu wamo, dada yangu, na ni zaidi ya mia. Sitakuficha hilo. Lakini ndovu wa Arabuko si wa kusimama uwanjani wapigwe picha. Wamejificha vichakani, na wageni wengi huondoka wameona kinyesi na matawi yaliyovunjwa tu. Wajukuu wangu walikuta kinyesi bado kina joto, wakakizunguka kama hazina, na mwongozaji akatugeuza njia papo hapo bila kujadiliana.

Hapo ndipo usalama ulipo. Usiingie bila mwongozaji. Msitu huu una waongozaji wake waliofunzwa, wengi wao wazaliwa wa vijiji vya pembeni, na wanausoma mchanga kama wewe unavyosoma gazeti. Lala pale ulipoonyeshwa, si pale palipokupendeza. Usiweke ndizi, maembe wala miwa ndani ya hema. Ndovu ana pua. Usiku mtoto akitaka kujisaidia, mtu mzima atangulie na tochi. Mkikutana naye ana kwa ana, nyamazeni, rudini nyuma polepole, mumwachie njia. Kupiga kelele na kurusha mawe ni kumchokoza mwenye nyumba.

Umri? Wangu walikuwa na miaka saba na kumi na mmoja. Aliye chini ya miaka mitano ningemleta kwa matembezi ya mchana, alale nyumbani.

Mwalimu, tangu mambo ya Shakahola mama yangu hataki kulisikia neno msitu. Nimjibu nini? (Msichana, Malindi)

Usimjibu haraka. Mama yako ana haki. Mwaka 2023 nchi nzima ilitazama miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu la kufunga hadi kufa ikifukuliwa kule, na sisi wa Malindi ndio tuliokuwa tukiyaona magari yakipita kwenda hospitali na mochari. Mtu aliyeyaona yale hawezi kuambiwa asahau.

Lakini mweleze kwamba Shakahola ni mahali pengine, mbali huko bara upande wa Chakama, na kilichoua pale hakikuwa miti wala wanyama. Kisha mchukue. Usimpeleke kulala, mpeleke asubuhi, atembee nusu saa kwenye kivuli cha mirihi, asikie ndege, anywe kahawa, arudi nyumbani. Mimi nilifanya hivyo na dada yangu mkubwa. Alikaa kwenye gogo, akawa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kwa nini hatukuja zamani.

Je, ni kweli usiku kuna bundi wengi? Kwetu bundi ni mkosi. Na majini je? (Msomaji, Barani)

Bundi wapo, na mmoja ni fahari yetu. Ni mdogo, anaenea kwenye kiganja, ana macho ya manjano, na anaishi kwenye vile vichaka vya udongo mwekundu. Wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu, wakamwita bundi wa Sokoke. Mbali na hapa, anajulikana kuishi chini ya milima ya Usambara kule Tanzania. Sauti yake si ya kutisha kama wengi wanavyodhani. Ni kama mtu anapiga filimbi kwa mbali, fu, fu, fu, akiihesabu. Nililelewa kama wewe, bundi akilia juu ya paa bibi anatupa chumvi motoni. Usiku ule nilipomsikia nilijikuta namsubiri alie tena.

Kuhusu majini, soma dua zako za kulala kama unavyozisoma nyumbani. Lakini heshima ya mahali ni jambo jingine, na hapo nakaza sauti: msipige kambi kwenye kaya za Wamijikenda. Zile ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee, na tangu 2008 zimo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Hata kuzitembelea unahitaji idhini ya wazee. Arabuko ina nafasi ya kutosha kwa hema lako.

Tuko vijana wanane, tunatoka Langoni, Lamu. Swala msituni inakuwaje? Na maji? (Kijana wa Lamu)

Karibuni sana. Mtavuka kwa mashua hadi Mokowe, basi mpaka Malindi. Ondokeni alfajiri ili hema ziwe zimesimama kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza la msituni huingia mapema kuliko la ufukweni.

Kibla ni rahisi kwetu, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Malindi. Jua linapozama, litazame: kaskazini ni mkono wako wa kulia. Wekeni alama kwa kijiti kabla halijapotea, maana kwenye miti usiku hata mtu wa bahari anapotewa, na nyota ya kaskazini haionekani huku chini ya Ikweta. Suala la kufupisha swala kwa safari yenu muulizeni imamu wenu kabla hamjaondoka.

Maji bebeni yote. Mimi huhesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, kunywa, kupika na udhu. Msitegemee mabwawa ya msituni. Wakati wa kiangazi ndiko ndovu wanakonywea.

Hema dukani ni ghali. Hakuna njia nyingine? (Mwanafunzi, Watamu)

Ipo, na mimi naipenda kuliko hema. Nunua turubai jepesi la mita nne kwa tatu. Funga kamba imara kati ya miti miwili, usawa wa kifua, tandaza turubai juu yake, pembe zikazwe kwa vigingi vya mti ulivyokuja navyo. Ndani tandika mkeka, juu yake godoro jembamba. Kisha ning'iniza chandarua chenye dawa kwenye kamba ileile, pindo lake ulichomeke chini ya godoro pande zote. Hapo mbu hapiti, siafu anapata taabu, na upepo unapita. Hema la dukani usiku wa Februari ni tanuri.

Kabla ya kutandika, chunguza chini. Mchanga mweupe ulioinuka ni mzuri. Bonde lenye udongo mweusi liepuke, mvua ikija linakuwa birika. Angalia kama kuna msafara wa siafu. Mwaka fulani tuliacha haluwa ndani, imefungwa kwa karatasi tu. Saa nane usiku tulikuwa wote nje tunakung'uta nguo, na mtoto mmoja alilia mpaka alfajiri. Tangu hapo kila kitamu kinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na tunapolala.

Kuni tutaokota humohumo? (Baba wa Ngala)

Hapana, ndugu yangu. Uliza kituoni kama moto unaruhusiwa msimu huo, na kama unaruhusiwa, uwashe mahali pake tu. Kwa kupikia beba mtungi mdogo wa gesi. Mti uliokufa msituni bado una kazi, ndege wanaatamia kwenye matundu yake. Na msitu huu umekatwa vya kutosha: muhugu umevunwa kwa wizi miaka mingi kwa ajili ya vinyago tunavyowauzia wageni. Nyumbani pika mahamri na mbaazi za nazi, vyungu vifike vimeiva. Msituni mnapasha moto tu na kuchemsha kahawa. Chakula cha nazi kisilale, kitachacha.

Nyoka? (Wengi mmeuliza)

Wapo, kama walivyo shambani kwako. Anayegonga watu zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii, analala njiani akijiamini kwa rangi yake. Viatu vya kufunika kifundo, tochi kila hatua usiku, na usitie mkono chini ya gogo.

Mtu akigongwa, mlaze, mtulizeni. Vueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Kiungo kilichogongwa msikisogeze, kifungeni kwenye ubao kama mkono uliovunjika. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu, msipoteze muda na jiwe jeusi la kuvuta sumu. Gari moja kwa moja hadi hospitali, Malindi au Kilifi. Pale Watamu pia kuna Bio-Ken, ambao wamewashughulikia nyoka na dawa za sumu kwa miaka mingi. Namba yao iwe simuni kabla hujaondoka. Fira akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, kisha hospitali hiyohiyo.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Mambrui)

Januari hadi Machi, na Agosti hadi Oktoba. Mwezi wa Aprili na Mei masika hayana huruma.

Asubuhi yake tufanye nini? (Mama wa Muyeye tena)

Tembeeni alfajiri, ndipo ndege wanapoamka. Mwombe mwongozaji amtafute kwera wa Kilifi, ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti yetu. Kisha nendeni magofu ya Gede, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 2024. Humo ndani kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993: wakulima wa pembeni mwa msitu wanafuga viwavi, wakishajifunga ndani ya ganda wanauzwa nchi za nje kabla hawajatoka mbawa. Waonyeshe watoto hilo, waelewe kwamba mti uliosimama nao unalipa karo. Jioni, Mida, kwenye daraja la kamba katikati ya mikoko. Kiingilio chake kinasaidia ada za wanafunzi wa sekondari wa hapo.

Mwalimu, mimi nina miaka kumi. Nitamwona mnyama gani? (Mwanafunzi wa darasa la tano, Malindi)

Nimekuweka mwisho kwa sababu swali lako ndilo ninalolipenda. Paa nunga ni adimu na mwoga, usimtegemee. Mtafute sange. Ni mkubwa kama sungura mdogo, ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba kama ya paa, na sehemu yake ya nyuma ni ya rangi ya dhahabu kabisa, kama amekalia rangi. Ngozi ya hapo ni nene kuliko kwingine mwilini, adui akimrukia hapang'oi kitu. Wa aina yake wako katika msitu huu na vipande vichache vya jirani, basi.

Hatembei usiku, kwa hiyo usikeshe. Amka kukipambazuka, uketi na mtu mzima mahali penye majani makavu mengi. Utamsikia kabla ya kumwona: chakacha, kimya, chakacha. Anafukua wadudu. Ukitikisika atapiga mkia wake chini, pa pa pa, kisha ataruka na kutoweka. Hilo likitokea usimfuate. Ana eneo lake na mwenzake, na hawaliachi. Kaa palepale, pumua taratibu, hesabu hadi mia mbili.