Sahani ya babu yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku. Unauliza mkono wa shangazi yako utarudi lini, maana tangu kiharusi kimpige mwezi jana upande wote wa kushoto umelala. Nitafika huko. Ila umetaja jambo kwa kupita tu, nalo ndilo limeninyima usingizi: kwamba anabakisha wali nusu ya sahani, nawe unamgombeza. Usimgombeze, mwanangu.

Unamkumbuka babu yako, naye alipopigwa na kiharusi, alivyokuwa akinyoa ndevu shavu moja. Wewe ulikuwa mdogo, ukacheka. Mimi nilifanya baya zaidi. Siku ile ya hitima, wageni wamejaa, alikula wali wa kulia, wa kushoto akauacha, kisha akalalamika kwamba hakupewa samaki. Samaki yupo, kushoto. Nikamwambia mbele za watu, "Baba, acha utoto." Akanyamaza, mkono bado uko sahanini. Mpaka leo nauona mkono ule.

Bibi yako hakusema neno. Aliishika sahani akaigeuza, kushoto kukawa kulia. Babu yako akang'aa: "Kumbe mlinifichia!" Akala hadi akamaliza.

Baadaye daktari alinieleza. Nyuzi zinazotoka kwenye ubongo kuendesha viungo huvuka upande wa pili kule chini, karibu na kisogo, kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo aliyepooza kushoto ameumia ubongo wa kulia. Na ubongo wa kulia ukiumia, mara nyingi mtu huacha kuitambua kushoto nzima. Macho yanaona, akili haiendi huko. Si ukaidi, si uzee, wala si jini.

Basi kaa kushoto kwake. Mwite, mguse mkono, ngoja ageuke. Au utasema nakosea? Akiwa amechoka, au kikombe kina chai ya moto, kiweke kulia asije akaungua. Sawa, hilo nalikubali. Lakini wewe mwenyewe kaa kushoto. Bibi yako alihamishia kigoda chake kushoto na hakukirudisha tena. Na mkimwinua msimvute kwa mkono ule. Bega lililolegea huumia upesi.

Mkono je? Nguvu hurudi zaidi miezi ya mwanzo, hasa 3 ya kwanza, ingawa baada ya hapo mlango haufungwi. Msikose mazoezi ya viungo. Ninalo langu moyoni, kwa nilivyomwona babu yako, na kulimeza ni kazi kwelikweli. Lakini babu yako alikuwa yeye, na huyu ni dada yangu. Silisemi.

Kesho mchana mpakulie samaki kushoto, kisha ukae hapo umwite. Uniandikie kama amegeuka.

Baba yako.