Ukinunua au kujenga nyumba Texas, anza na tarehe ya sheria

Ndugu zetu wanaonitafuta kwa ushauri wa nyumba hapa Texas huanza na bei ya kiwanja, riba ya benki, na mjenzi gani anaaminika. Mimi kwanza huwauliza wanasaini mkataba lini, na maombi ya kibali yanapelekwa lini. Nimesimamia ujenzi jimboni humu kwa muda mrefu wa kutosha kuona nyumba mbili za mtaa mmoja, zilizojengwa na mafundi walewale kwa nondo zilezile, zikiwa chini ya sheria tofauti kwa sababu ya tarehe tu.

Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, katika mwaka wa namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, na kikao hicho hakizidi siku 140. Sheria nyingi huanza kutumika tarehe 1 Septemba ya mwaka huohuo. Ila muswada ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya maseneta, unaweza kuanza kufanya kazi gavana anapotia saini. Hapo ndipo watu wanapopitwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa muswada HB 2024 (HB ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, na 2024 ni namba yake, si mwaka), ulioanza kutumika tarehe 9 Juni 2023. Kabla yake, mjenzi wa nyumba ya familia aliweza kushtakiwa kwa kasoro za ujenzi hadi miaka 10 baada ya nyumba kukamilika. Sasa, akikupa waranti ya maandishi ya mwaka 1 kwa ufundi na vifaa, miaka 2 kwa mifumo ya mabomba, umeme na viyoyozi, na miaka 6 kwa sehemu kuu zinazobeba nyumba, ukomo huo unashuka hadi miaka 6. Karatasi ile ya waranti, ambayo wengi huitia kwenye bahasha bila kuisoma, ndiyo inayokupunguzia miaka minne ya kudai haki yako.

Miaka 6 inasikika mingi kwa asiyeujua udongo wa hapa. Sehemu kubwa ya maeneo ya Dallas, Austin na Houston yako juu ya mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka, na msingi wa nyumba zetu kwa kawaida ni bamba la zege lililolala moja kwa moja juu yake. Nyumba inaweza kutulia miaka kadhaa mvua zikiwa za wastani, kisha ukame mmoja mkali ukaivuta upande. Dalili huanza kidogokidogo. Mlango wa chumbani unagoma kufunga. Ufa mwembamba kama uzi unatoka kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Unagonga vigae vya jikoni na vinatoa mlio wa kitu kilicho wazi chini. Ukiyaona haya mwaka wa nne au wa tano, usiyaache mpaka yawe makubwa.

Ninachowashauri wenye nyumba ni hiki: kila mwisho wa kiangazi zunguka nyumba na simu yako, piga picha za kona zote za milango na madirisha, na uweke rula kando ya kila ufa ili upana wake uonekane. Picha hubaki na tarehe yake. Mwagilia udongo wa kandokando ya msingi wakati wa jua kali, taratibu na kwa usawa pande zote, maana upande mmoja ukilowa na mwingine ukabaki mkavu unaongeza tatizo.

Ukiwa na dai, liandike. Sheria ya Texas inataka mwenye nyumba ampe mjenzi taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kufungua kesi, kwa barua ya posta ya aina ya certified mail yenye uthibitisho wa kupokelewa, ikieleza kasoro zenyewe. Ndani ya siku 35 tangu aipokee, mjenzi ana haki ya kuomba kuja kukagua. Dada mmoja ninayemfahamu alikuwa akipiga simu ofisi ya mjenzi wake kila ufa ulipojitokeza, na kila mara kijana alitumwa, akaziba kwa lipu, akapaka rangi, akaondoka. Alihudumiwa kwa upole mno. Miaka ikapita, na simu zile zote hazikuwa taarifa inayotambuliwa na sheria. Iliniuma sana, kwa sababu barua moja ingemweka mahali pengine kabisa.

Kwa wajenzi wadogo, tarehe inaweza kuwa rafiki. Tangu HB 3167 ianze tarehe 1 Septemba 2019, manispaa ina siku 30 za kuujibu mchoro wa ugawaji viwanja. Ikikaa kimya, mchoro unahesabiwa umepita, na ikiukataa lazima itaje sababu na kifungu. Ombi la kibali cha ujenzi lina siku 45 za kujibiwa. Na tangu HB 14 ya mwaka 2023, manispaa ikivuka muda wake kwa siku 15, unaweza kumtumia mkaguzi wa nje mwenye sifa. Yote hayo yanategemea uthibitisho kwamba uliwasilisha siku fulani. Usitoke kwenye dirisha la ofisi ya manispaa bila risiti yenye tarehe, na kama umetuma kwa mtandao, hifadhi ule ujumbe wa kupokelewa. Nimeona mradi ukiokolewa na karatasi hiyo moja.

Kuhusu SB 15 ya mwaka 2025 (SB ni muswada ulioanzia Seneti), inayozuia miji mikubwa kudai kiwanja kizidi futi za mraba 3,000, naulizwa mno. Watu wamesikia habari nusu, wanataka kununua kiwanja cha zamani mtaani wakikate vipande. Haiko hivyo. Inahusu ardhi ya ekari 5 au zaidi ambayo bado haijapimwa viwanja, katika miji yenye watu zaidi ya 150,000 iliyo ndani ya kaunti zenye zaidi ya 300,000. Tena masharti ya hati na ya jumuiya za wenye nyumba yanabaki na nguvu zake. Soma hati kabla hujatoa dola yoyote.

Na msisubiri sheria ipite ndipo mlalamike. Kikao kijacho kinaanza tarehe 12 Januari 2027, na miswada huanza kuwasilishwa mapema, Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi wa Novemba. Tovuti ya bunge hukuruhusu kufuatilia muswada kwa mada, na siku ya kamati mtu yeyote anaweza kwenda Austin, akajiandikisha kuwa anaunga mkono, anapinga au anatoa maelezo tu, kisha akazungumza. Wenyeviti wengi hutoa dakika mbili au tatu. Vyama vya wajenzi wakubwa huwa pale na wanasheria wao. Wanunuzi ni wachache, na nimeona wabunge wakiinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao pale mwenye nyumba anaposimama na picha za ufa wake. Peleka nakala za kutosha kwa kila mjumbe wa kamati, andika namba ya muswada juu ya kila nakala, na anza na mwaka nyumba yako ilipokamilika.